Uchovu wa ugonjwa wa MS: Si uvivu, na dawa yake si kitanda

Wiki hii tuangalie uchovu wa watu wenye ugonjwa wa multipo sklerosisi, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake, MS. Uchovu huu huwagombanisha watu ndani ya nyumba. Upande mmoja humwita mgonjwa mvivu. Upande mwingine, kwa huruma, humlaza kitandani mchana kutwa. Pande zote mbili humdhuru.

Ni ugonjwa gani?

Katika MS, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Utando huo ni mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme. Ukichubuka, taarifa zinazotoka kwenye ubongo huchelewa au hupotea njiani. Mgonjwa huona ukungu, hupata ganzi, miguu huwa mizito na hupepesuka. Daktari wa Kifaransa, Jean-Martin Charcot, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1868. Hauambukizi. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, na wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Ni wa kawaida zaidi Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuliko nchi za karibu na ikweta, lakini hata kwetu upo.

Kwa nini anachoka?

Mishipa iliyochubuka hutumia nguvu nyingi kufanya kazi ndogo. Ndiyo maana mtu anaweza kulala usiku kucha, akaamka amechoka kama aliyelima. Kisha huja uchovu wa pili: asiyetembea misuli yake hulegea na pumzi hupungua, hivyo hata kwenda chooni huwa safari. Uchovu huu wa pili ndio unaoweza kupunguzwa kwa mazoezi.

Hofu ya zamani

Mwaka 1890 daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza kuwa baadhi ya wagonjwa huona vibaya zaidi baada ya kujitahidi kimwili. Baadaye ilifahamika kuwa sababu ni joto la mwili, na kwamba hali hiyo huondoka mwili ukipoa. Hata hivyo, kwa miaka mingi wagonjwa walikatazwa mazoezi. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliofanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki 15. Walipata pumzi na nguvu zaidi. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza uchovu wa MS, na hayakuonekana kuongeza mashambulizi ya ugonjwa.

Aanze vipi?

Kwanza aonane na daktari, maana upungufu wa damu, tezi ya shingo, usingizi mbovu na sonona navyo huchosha, na vina tiba yake. Kisha afuate haya:

1. Aanze na kidogo. Atembee dakika tano uani au barazani, na aongeze dakika moja au mbili kila baada ya siku chache. Lengo kwa mwenye ulemavu mdogo au wa kati ni dakika 30, mara mbili kwa wiki. Awe anaweza kuzungumza anapotembea, ila hawezi kuimba.

2. Siku mbili kwa wiki aimarishe misuli: kuinuka kwenye kiti na kukaa mara nane hadi kumi, na kuinua chupa ya maji ya nusu lita kwa kila mkono. Anayepepesuka ashike ukuta, na mtu awe karibu naye.

3. Akwepe joto. Wakati mzuri ni baada ya Alfajiri, kabla jua halijawaka. Avae nguo nyepesi, anywe maji baridi, aweke kitambaa chenye maji shingoni. Asioge maji ya moto.

4. Apumzike kabla hajaishiwa. Kazi za nyumbani zigawanywe: amenye viazi akiwa amekaa, na ufuaji usiwe siku ya mazoezi.

5. Kesho yake akiwa amechoka kuliko kawaida, apunguze kipimo, lakini asiache kabisa.

Dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24, kama mguu kukosa nguvu au jicho kupoteza nuru, asimamishe mazoezi na aende hospitali.

Ibada

Anayeogopa kuanguka aswali karibu na ukuta au akiwa amekaa. Sheria imempa nafasi hiyo. Kuhusu funga ya Ramadhani, azungumze na daktari wake mapema kabla mwezi haujaingia. Akifunga, asifanye mazoezi jioni mwili ukiwa umekaukiwa maji.

Kwa walio nyumbani

Mume, mama mkwe, watoto: uchovu huu hauonekani kwa macho, lakini ni wa kweli. Msimwambie "jikaze", wala msimnyang'anye kila kazi. Mmoja wenu atembee naye asubuhi dakika tano, kesho tena, na keshokutwa. Hiyo itamfaa zaidi kuliko pole nyingi za mdomoni.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.