Kuchoma neva za figo badala ya vidonge vya presha?

SWALI: Nimechoka na vidonge vya presha. Je, nifunge safari kutoka Ruangwa nikatafute tiba ya kuchoma neva za figo?

JIBU: Hapana. Katika tiba hii, daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kwenye mishipa ya figo, kisha huunguza neva zinazochochea presha. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2014, lililolinganisha tiba hii na tiba ya kuigiza isiyochoma neva, halikuona tofauti ya maana. Utasema Marekani iliidhinisha vifaa viwili vya tiba hii mwaka 2023. Ni kweli, ila namba ya juu ya presha hushuka kwa pointi chache tu, na wengi huendelea kumeza dawa. Amlodipini, kidonge cha presha cha bei nafuu, hushusha kiasi hicho au zaidi. Ikikuvimbisha miguu, mwambie daktari wako, Ruangwa au Nachingwea, akubadilishie, usiiache mwenyewe.