SOMO LA AFYA: UMEME MDOGO NDANI YA KONGOSHO
Kwa nini mgonjwa wa kisukari asimeze kidonge na kwenda shamba na njaa



Somo letu la leo tulianze na mfano. Tuseme yupo mzee mmoja hapa Talatala. Mzee huyu ana ugonjwa wa kisukari, na zahanati wamempa vidonge. Ni wakati wa palizi ya mpunga. Alfajiri anameza kidonge chake kwa maji, anachukua jembe, huyo anakwenda kwenye majaruba. Hakula kitu. "Nitakula nikirudi," anamwambia mkewe.

Ilipofika saa nne, mwili ukaanza kumtetemeka. Jasho la baridi likamtoka. Akasema maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka kwenye tope. Watu wakakimbilia pale. Mmoja akasema ni kifafa. Mwingine akasema amelewa. Wa tatu akasema karogwa.

Kumbe sivyo. Sukari ilipungua mno katika damu yake. Kidonge kilifanya kazi yake sawasawa, ila kilifanya kazi hiyo tumbo likiwa tupu. Mambo haya yanatokeaje? Ili tuelewe, lazima kwanza tuijue kongosho.

1. KONGOSHO NI NINI?

Kongosho ni kiungo laini kilichoko nyuma ya mfuko wa chakula. Urefu wake ni kama sentimita 15. Ni kidogo, lakini kina kazi mbili kubwa.

Kazi ya kwanza ni kutengeneza maji ya kuyeyushia chakula. Maji hayo humwagika katika utumbo mdogo, zaidi ya lita moja kila siku.

Kazi ya pili ni kutengeneza homoni. Homoni ni mjumbe anayesafiri ndani ya damu. Homoni tunayoizungumzia leo inaitwa insulini. Inatoka katika mafungu madogo ya seli ambayo Mjerumani Paul Langerhans aliyaeleza mwaka 1869. Mafungu hayo yamesambaa ndani ya kongosho kama visiwa ziwani. Yanakaribia milioni moja.

Insulini huifungulia sukari njia ya kutoka katika damu na kuingia katika misuli, ili mwili upate nguvu. Insulini ikikosekana, au mwili usipoisikia, sukari hujaa katika damu bila kutumika. Huo ndio ugonjwa wa kisukari.

2. NANI ANAIAMBIA KONGOSHO IANZE KAZI?

Wajumbe ni wa aina mbili.

Wa kwanza ni neva, yaani mishipa ya fahamu. Ukisikia harufu ya wali wa Kyela unaoiva, na usipa unakaangwa pembeni, mate yanakutoka. Basi na kongosho nayo imekwisha kupata habari. Ubongo umeipelekea ujumbe kwa neva. Kwenye ncha ya neva hutoka dawa kidogo sana ya mwili iitwayo asetilikolini. Hiyo ndiyo inayoigusa seli.

Wa pili ni homoni. Mwaka 1902, mjini London, wataalamu wawili, Bayliss na Starling, waligundua jambo jipya. Chakula chenye uchachu kikitoka katika mfuko wa chakula na kufika katika utumbo mdogo, utumbo hutoa homoni iitwayo sekretini. Sekretini hupita katika damu na kuiambia kongosho imwage maji yake. Mwaka 1905 Starling alianza kulitumia neno hilo homoni.

Tofauti yao ni hii. Neva ni kama mjumbe wa nyumba kumi anayekuja kupiga hodi mlangoni kwako. Homoni ni kama tangazo la redio. Linafika kila nyumba, lakini anayeitika ni yule linayemhusu.

3. UMEME UNAINGIAJE HAPO?

Mwili wetu una umeme. Kila seli ina ngozi nyembamba sana. Ndani ya seli kuna madini mengi ya potasiamu. Nje kuna sodiamu na kalsiamu nyingi zaidi. Madini hayo yanabeba chaji ya umeme, na kwenye ngozi ya seli kuna malango madogo ya kuyapitisha. Kwa hiyo kila seli ni kama betri ndogo.

Tupige hesabu. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, yaani milivolti 1,500. Seli ya insulini ikipumzika ina kama milivolti 70. Gawanya 1,500 kwa 70. Utaona betri ya tochi inaishinda seli zaidi ya mara 20. Ni umeme mdogo, lakini unatosha kufungua malango.

Sasa tufuate kazi hatua kwa hatua:

(a) Tumekula wali au ndizi. Chakula kimeyeyushwa, kimekuwa sukari, na sukari imeingia katika damu.

(b) Sukari inaingia katika seli ya insulini. Inaunguzwa humo kama kuni jikoni, na kutoa nguvu.

(c) Nguvu hiyo inafunga malango ya potasiamu. Kabla ya hapo potasiamu ilikuwa inavuja polepole kwenda nje, na kuvuja huko ndiko kulikotunza umeme wa seli. Malango yakifungwa, umeme unapungua.

(d) Umeme ukipungua, malango ya kalsiamu yanafunguka. Kalsiamu inaingia kwa nguvu, kama maji yanavyoingia jarubani ukibomoa tuta.

(e) Kalsiamu inavisukuma vifuko vya insulini. Vifuko vinapasuka kwenye ngozi ya seli, na insulini inatoka na kuingia katika damu.

Sukari ikishuka, malango ya potasiamu yanafunguka tena, na insulini inapungua. Ni kama mkulima mwangalifu. Maji yakizidi jarubani anayatoa, yakitosha anaziba.

Wajumbe wetu wapo hapa pia. Asetilikolini ya neva huiongezea seli bidii wakati wa kula. Lakini ukikutana na mamba mtoni, mwili hutoa adrenalini. Hiyo huizuia insulini, kwa sababu wakati huo unahitaji sukari katika damu ili ukimbie.

Mambo haya yalichukua miaka mingi kujulikana. Mwaka 1968 watafiti Dean na Matthews walieleza jinsi walivyoupima umeme wa seli hizo. Mwaka 1984 Frances Ashcroft na wenzake, huko Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba sukari ndiyo inayofunga lango la potasiamu.

4. KIDONGE KINAFANYA NINI?

Tumrudie mzee wetu. Kidonge alichomeza kinaitwa GLIBENCLAMIDE. Kidonge hicho kinafunga lango lile lile la potasiamu. Lakini angalieni, ndugu! Sukari hufunga lango baada ya mtu kula. Kidonge hakiulizi kama umekula au hukula. Kinafunga tu. Insulini inatoka, sukari inashuka, na jembe nalo linaendelea kuitumia sukari iliyobaki. Ndiyo maana mzee akaanguka.

Kipo kidonge kingine kiitwacho METFORMIN. Hicho hakifungi lango hilo. Kazi yake kubwa ni kulipunguza ini lisitoe sukari nyingi. Kikitumiwa peke yake, ni nadra kumwangusha mtu namna hii.

Basi kusoma kuna faida. Chukua paketi ya dawa nyumbani, soma jina herufi kwa herufi. Kama huelewi, muulize mganga wa zahanati: "Dawa hii niimeze kabla ya kula au pamoja na chakula? Na siku nisipopata chakula nifanyeje?" Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Sukari kuzidi nayo inaharibu macho, figo na miguu.

Wako wagonjwa ambao seli zao za insulini zimekufa. Kidonge cha kufunga lango hakiwafai, maana hakuna lango la kufunga. Hao wanahitaji sindano ya insulini, iliyogunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Sindano nayo bila chakula ina hatari ile ile.

5. MTU AKIISHIWA SUKARI TUFANYE NINI?

- Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe nusu kikombe cha maji yenye vijiko vinne vidogo vya sukari.
- Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpe tena.
- Akipata nafuu, mpe chakula: wali, ndizi, ugali au kiporo.
- Kama amezimia, usimmiminie kitu kinywani. Atapaliwa. Mlaze ubavu, mpelekeni hospitali upesi.
- Hata akiamka, afike kwa mganga. Glibenclamide hukaa mwilini saa nyingi, na sukari inaweza kushuka tena.
- Pombe huongeza hatari, hasa kwa mtu mwenye njaa.

6. JAMBO HILI LINATUHUSU

Zamani tulisema kisukari ni ugonjwa wa watu wa mjini. Uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta mgonjwa pungufu ya mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta kama watu 9 katika kila 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Umri na vipimo havikuwa sawa, lakini tunaona ugonjwa umeongezeka. Huenda yuko jirani yako.

MANENO YA KUKUMBUKA
Seli: chembe hai ndogo sana inayojenga mwili.
Homoni: mjumbe anayesafiri katika damu.
Neva: mshipa wa fahamu.
Insulini: homoni inayoshusha sukari katika damu.

MASWALI
1. Taja kazi mbili za kongosho.
2. Lango la potasiamu likifungwa, lango gani hufunguka?
3. Kwa nini mzee wetu alianguka?
4. Kwa nini si vizuri kummiminia maji mtu aliyezimia?
5. Nyumbani kwenu au kwa jirani kuna mgonjwa wa kisukari? Msomee sehemu ya 4 na ya 5.