MDUDU WA LAMBONI ANAPOANDIKWA MARA YA KWANZA

Jioni moja jua likipungua, hebu nenda ukakae kando ya lambo la kijiji. Usiingie majini, kwa sababu ya kichocho. Kaa tu ukingoni, utulie. Utaona vidudu vyeusi vinavyong'aa vinazungukazunguka juu ya maji mbiombio, wala havigongani. Ukizidi kutulia utaona mdudu mwingine anapanda kutoka chini. Anatokeza makalio juu ya maji, anatulia kidogo, kisha anazama tena. Hao wote ni mbawakawa. Wengine husema mbawakavu. Ni jamaa moja na fukusi anayetoboa mahindi yetu ghalani, ila hawa makao yao ni maji.

Siku moja tulikuwa na darasa la kisomo chini ya mwembe, karibu na lambo. Somo lilikuwa kuandika barua ya kiserikali: mahali, tarehe, jina la mwandishi. Mzee mmoja, mwanakisomo wetu hodari, alichelewa. Alipofika alikuwa na kopo la maziwa, na ndani yake mbawakawa wa maji.

Akasema, "Mwalimu, ng'ombe wangu wote nimewaandika kwenye daftari. Huyu naye ameandikwa wapi?"

Darasa zima likacheka, na sisi tukacheka pia. Usiku tukakumbuka swali lile, tukaona halikuwa la kuchekwa. Tukaenda kuuliza wanaojua, na tukasoma. Somo la leo ni jibu letu kwa mzee yule.

MGENI NA MTOTO MCHANGA

Wataalamu wa wadudu huweka orodha. Kila nchi ina orodha ya wadudu ambao mtu amewakamata, akawatambua, akaandika habari zao katika jarida au kitabu. Orodha hizo hazijakamilika, na kwa wadudu wa majini bado zina nafasi nyingi.

Sasa, kuna "mpya" za aina mbili, na watu huzichanganya. Fikiria daftari la wakazi linalowekwa na balozi. Mtoto akizaliwa, anaandikwa kwa mara ya kwanza. Hajawahi kuwa katika daftari lolote duniani. Mgeni akihamia kutoka kijiji kingine naye anaandikwa, lakini yeye ana jina lake tayari na huko alikotoka anafahamika. Mbawakawa aliye mpya kwa elimu ni kama mtoto mchanga: lazima apewe jina. Mbawakawa aliye mpya kwa nchi ni kama mgeni. Pengine alikwisha pewa jina zamani kwa sababu alikamatwa Kongo au Msumbiji, ila hapa kwetu hakuna aliyepata kumwandika.

Lakini mfano wetu una kasoro moja. Mara nyingi "mgeni" huyu hakuhama popote. Alikuwa humu humu lamboni tangu enzi za babu zetu. Aliyechelewa ni mwandishi.

KUMTAZAMA VIZURI

Kabla ya kuandika, sharti ujue unachokitazama. Hapa tutakaa kidogo, maana ni jambo la kupendeza na halihitaji fedha.

Wale wanaozunguka juu ya maji wana macho ya ajabu. Kila jicho limegawanyika sehemu mbili. Sehemu ya juu hutazama hewani na sehemu ya chini hutazama majini. Kwa hiyo ukimjia kwa juu anakuona, na samaki akimjia kwa chini anamwona.

Wale wanaozama wako wa namna mbili kubwa. Wa kwanza ni mwindaji. Miguu yake ya nyuma imejaa nywele kama kasia, naye huipiga yote miwili kwa pamoja kama mtu anayepiga makasia. Akiishiwa hewa hupanda makalio mbele, hujaza hewa chini ya mabawa yake magumu, kisha huondoka nayo. Wa pili hupiga miguu kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetembea. Huyu hupanda kichwa mbele, na hewa yake huibeba tumboni, inang'aa kama fedha. Chakula chake akiwa mkubwa ni majani na uozo zaidi. Ukishajua tofauti hizi mbili, yaani mapigo ya miguu na namna ya kupanda, umekwisha anza kazi ya mtaalamu.

Mtoto wa yule mwindaji hafanani na mzazi wake hata kidogo. Ni mrefu, na ana taya mbili kama mundu. Anakula watoto wa mbu, watoto wa vyura, hata ndugu zake.

Tena hawa wanaruka. Mabawa membamba yamekunjwa chini ya yale magumu. Usiku huhama kutoka dimbwi moja kwenda jingine, ndiyo maana mvua ikijaza shimo lililokuwa kavu, baada ya siku chache unawakuta wamo. Maji yanapong'aa ndipo wanapoyatambua kutoka angani. Kwa hiyo wakati mwingine hutua juu ya gari jeusi linalong'aa, wakidhani ni bwawa.

BARUA YA MDUDU

Sasa tumwandike. Mtaalamu huchota kwa wavu wenye mpini mrefu. Sisi tulitumia chujio la chai lililofungwa kwenye ufito, tukachota tukiwa tumesimama pakavu. Mdudu huwekwa katika chupa ndogo yenye spiriti asioze. Katika chupa hiyo hiyo, pamoja na mdudu, hutiwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli. Siyo kwa biro, maana wino wa biro huyeyuka katika spiriti.

Kipande hicho ndicho barua ya mdudu. Kinasema: nchi, mkoa, wilaya, kijiji, jina la lambo au mto, aina ya maji (yametulia au yanakwenda, yana majani au matope), tarehe, na jina la aliyemkamata. Wanakisomo wetu walifurahi sana hapo. Ilikuwa ni barua ile ile ya kiserikali tuliyokuwa tukijifunza!

Na sisi walimu tuliaibika pia, lazima tuseme. Mara ya kwanza tulichota katika malambo mawili tofauti, tukatia wadudu katika chupa mbili bila karatasi. Tulidhani tutakumbuka. Baada ya wiki tatu tukawa tunabishana ni chupa ipi ya lambo lipi. Mtaalamu tuliyemwonyesha alizitazama akasema kwa upole, "Hawa ni wazuri kwa kuonyesha watoto." Maana yake kwa orodha ya nchi hawana faida. Tukaanza upya.

Kosa kama letu limewahi kufanywa na wakubwa zaidi. Zamani za ukoloni Wazungu wengi walikusanya wadudu hapa, wakawapeleka katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mathalani, mwaka 1905 na 1906 msafara wa Yngve Sjöstedt kutoka Uswidi ulikusanya wanyama na wadudu wengi sana sehemu za Kilimanjaro na Meru. Wengine waliandika vizuri. Lakini wako waliobandika maneno mawili tu: "Deutsch-Ostafrika", yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani. Nchi hiyo leo ni Tanzania bara, Rwanda na Burundi. Je, mbawakawa huyo aandikwe katika orodha ya nchi ipi? Mdudu ni mzima kabisa, amehifadhiwa zaidi ya miaka mia moja, lakini hatujui kwao.

NANI ANAMPA JINA?

Kwa macho matupu mbawakawa wadogo wa maji wanafanana kama punje za mtama. Mtaalamu hutumia hadubini, chombo cha kukuza vitu vidogo. Hutazama madoa, vinyweleo na miguu. Mara nyingi inabidi atoe kiungo cha uzazi cha dume na kukitazama, kwa sababu umbo lake hutofautiana kati ya aina na aina hata pale ambapo mgongo na tumbo ni sawasawa. Halafu humlinganisha na wale waliohifadhiwa. Jina huandikwa kwa maneno mawili ya Kilatini, utaratibu ambao kwa wanyama unahesabiwa tangu kitabu cha Carl Linnaeus cha mwaka 1758.

Kazi hii ina uvumilivu. Jamii ya wale wawindaji peke yake ina aina zaidi ya 4,000 duniani. Ndani yake kuna kundi moja la wadudu wadogo liitwalo Laccophilus, jina lenye asili ya Kigiriki ambalo maana yake ni "mpenda dimbwi". Mwaka 2015 wataalamu watatu, Olof Biström wa Ufini pamoja na Anders Nilsson na Johannes Bergsten wa Uswidi, walichapisha kazi kubwa juu ya Laccophilus wa Afrika kusini ya Sahara. Walitambua aina 105. Kwa kila aina walichora ramani kuonyesha ilikokamatwa. Ramani hizo zilitokana na nini? Na vipande vile vya karatasi. Aliyeandika jina la mahali vizuri miaka hamsini iliyopita amepata nukta yake kwenye ramani.

Kitu kimoja tuonye. Kupeleka wadudu nje ya nchi, au kukusanya ndani ya hifadhi, kunataka kibali cha serikali. Mgeni akija kijijini na chupa zake, mwulizeni kibali kwa adabu, kama mnavyomwuliza mtu yeyote anayekuja kuchukua kitu.

FAIDA NI NINI?

Mama mmoja darasani alituuliza kwa ukali, "Mwalimu, sasa hii inatupa ugali?" Tulimjibu kwa habari ya dumuzi.

Wengi mnamfahamu. Dumuzi ni mbawakawa wa ghalani, siyo wa maji, na kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Mwaka 1981 iliripotiwa kuwa ameingia mkoani Tabora na anaharibu mahindi vibaya. Ndiyo mara ya kwanza kuandikwa katika Afrika. Wakulima walimwita Skania, kama yale malori makubwa. Walikuwa wamemwona wenyewe, wamempa na jina, lakini kabla hajatambuliwa wengi walidhani ni wale wale fukusi wa siku zote. Alipojulikana kwa jina lake ndipo ilipowezekana kuuliza: kwao analiwa na nani? Dawa ipi inamwua? Wakulima wakafundishwa kupukuchua mahindi na kuchanganya dawa ya unga, badala ya kuhifadhi magunzi. Miaka ya 1990 mbawakawa mwingine mdogo, adui yake wa huko huko Amerika, aliletwa Afrika ili amwinde.

Na wa maji je? Sisi wa Ziwa Victoria tunao mfano wetu. Gugumaji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, lilitapakaa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mitumbwi ilikwama, nyavu zilipotea. Basi wataalamu walileta fukusi wawili wadogo wa gugu hilo, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Uganda na Tanzania waliachiliwa mwaka 1995, na Kenya mwaka 1997. Hawa waliingia katika orodha zetu kwa mlango wa mbele, wana tarehe na karatasi, baada ya kujaribiwa kwanza kama hawatakula mazao. Mkubwa hukwangua jani na kuacha madoa, mtoto hutoboa shina kwa ndani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 gugu lilipungua sana, ingawa wako wanaosema mvua kubwa na mawimbi ya 1997 na 1998 vilisaidia. Gugu lingali lipo, na fukusi wake wangali wapo.

Turudi lamboni kwetu. Msimu wa pamba vijana huosha mabomba ya dawa pale pale ng'ombe wanapokunywa. Dawa inayoua mdudu wa pamba haimchagui mbawakawa wa maji. Safari yetu ya pili tulichota upande wa majani tukapata wengi. Upande wa kuoshea mabomba tulichota mara kumi na mbili, tukapata konokono watupu. Hatudai kuwa tumethibitisha kitu kwa kuchota siku moja. Lakini tumeandika idadi na tarehe katika daftari la darasa, na tutachota tena mwezi ule ule mwakani. Mwenyekiti wa kijiji ameomba kuliona daftari hilo katika mkutano ujao, na wenye mabomba nao wameitwa.

Mbawakawa wa mzee sasa yumo katika chupa, na barua yake kaiandika mwenyewe kwa penseli: kijiji, lambo, siku, jina lake. Ni mwindaji, mapigo ya miguu yalionyesha. Chupa imekwenda kwa mtaalamu wa wadudu, na kila Jumatano mzee hutuuliza kama jibu limefika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Mbawakawa mpya kwa nchi na mbawakawa mpya kwa elimu wanatofautianaje? Kwa nini barua ya mdudu huandikwa kwa penseli? Wadudu wa majini katika kijiji chenu mnawaita nani kwa lugha ya nyumbani, na wazee wanakumbuka wapi waliokuwepo zamani na sasa hawaonekani? Mabomba ya dawa huoshwa wapi kijijini kwenu, na nani anaweza kupachagua mahali pengine?