Kutunza Udongo na Maji Katika Mashamba ya Milimani



Mwezi huu twataka kujifunza habari ya udongo na maji. Labda mtu atauliza, Je, hii nayo ni habari ya Kanisa? Na asome Mwanzo 2:15, aone mtu wa kwanza alipewa kazi gani mbili katika bustani. Ya kwanza ni kulima, nayo twaijua sana, mikono yetu yashuhudia. Ya pili ni kutunza, na hiyo ndiyo somo letu.

Wazee wa Kishambaa walikuwa na maneno mawili juu ya nchi: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Waliyatumia zaidi kwa habari ya mvua na watawala. Nguvu za watawala zikitulia, mvua hunyesha na watu hushiba. Wakishindana wao kwa wao, njaa huingia. Sisi hatusadiki ya kuwa mvua i mikononi mwa mtawala. Walakini neno moja la wazee hao nataka tulishike, kwamba nchi huponywa au huharibiwa kwa kadiri watu wanavyopatana. Mtaona ya kuwa hata katika kazi ya matuta jambo ni lilo hilo.

Kwanza tufahamu mvua hufanya nini. Mvua ya milimeta moja ikianguka juu ya meta moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Eka moja ni kama meta za mraba 4,000. Basi mvua nzuri ya milimeta 25, ambayo katika masika huweza kunyesha alasiri moja tu, yaweka juu ya eka moja lita 100,000, ndiyo madebe 5,000 ya lita 20. Kuyachota maji hayo kichwani ni kazi ya siku nyingi mno. Swali ni hili: maji hayo yaenda wapi?

Kama shamba li tupu, majani yamechomwa na ardhi imetiwa jembe kutoka juu hata chini, matone ya mvua huipiga ardhi kwa nguvu. Udongo hupondwa kuwa tope laini, na tope hilo huziba matundu madogo ambamo maji yangepita kuingia chini. Ndipo maji huanza kutembea juu. Tena maji yatembeayo ni kama gari literemkalo mlima, kadiri yanavyoendelea ndivyo yanavyozidi mwendo na nguvu. Nayo huchukua kwanza kilicho juu, yaani udongo mweusi wenye mboji na samadi yako. Mvua ikichukua unene wa milimeta moja tu, jicho halioni lolote. Lakini kutoka eka moja hizo ni meta nne za ujazo, kama tani 5 za udongo. Mkulima asema, Shamba langu limechoka. Halikuchoka. Limehama. Litafute bondeni, au katika maji mekundu ya mto Umba, uanziao katika milima yetu ya Usambara na kumwagika baharini.

Na maji nayo ni vivyo hivyo. Maji yaliyokimbia mwezi wa Aprili ndiyo yale ambayo akina mama huyatafuta na ndoo mwezi wa Septemba. Chemchemi hulishwa na maji yanayozama polepole. Yasipozama juu, hayatatoka chini.

Sasa tusimame kidogo huko Mlalo, mahali ambapo wamisheni wa kwanza wa Kilutheri walifika mwaka 1891. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza huko kazi kubwa ya kuirudishia nchi rutuba, na mwaka 1950 kazi hiyo ikaenezwa katika Usambara. Watu waliamriwa kulima kwa matuta ya kufungwa: matuta marefu yakate mteremko, na vituta vidogo vifunge kati yake, hata shamba zima likawa kama visanduku vya kushikia maji. Asiyefanya alishtakiwa barazani. Watu wakachukia sana. Chuki hiyo ikaingia katika siasa, na kabla ya uhuru wa mwaka 1961 kazi ile ikaachwa. Hata leo, ukilitaja neno matuta mbele ya mzee fulani fulani, utaona uso wake unabadilika.

Nimesikia watu wakisema kwamba wazee wetu walikataa kwa uvivu au kwa ujinga. Sikubali. Tufikiri jambo lilivyokuwa. Jembe la matuta liliwaangukia zaidi wanawake, ambao tayari walikuwa na kazi ya kuni, maji na watoto. Na mtu alimaye shamba la kuazima, kwa nini ajenge matuta ambayo mwenye shamba atayarithi mwaka ujao? Tena mahali penye mvua nyingi, kisanduku kilichojaa hupasuka. Kikipasuka kimoja cha juu, vyote vya chini hupasuka pamoja nacho, na ubaya huwa mkubwa kuliko kama pasingekuwa na tuta. Wakuu walisema kweli juu ya udongo, walakini walikosea juu ya watu. Waligawa kazi kwa kichwa kimoja kimoja, kila mlipa kodi na sehemu yake, hali maji hayajui mpaka wa shamba.

Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi mwingine, wa serikali ya Tanzania pamoja na Wajerumani. Huo ulianza kwa majani. Wakulima walifundishwa kupanda mistari ya majani ya Guatemala ikikata mteremko, na miti kati yake, na kufunga ng'ombe bandani badala ya kuwachunga ovyo kilimani. Majani hushika udongo, hukatwa akapewa ng'ombe, na samadi ya ng'ombe hurudi shambani. Nadhani njia hii ilipokewa vizuri kuliko ile ya kwanza kwa sababu mtu huona faida yake upesi, tena katika kikombe cha maziwa. Lakini asiye na ng'ombe naye afanyeje? Huyo na apatane na jirani mwenye ng'ombe: majani kwa samadi. Au apande miwa katika mstari wake, nayo itashika udongo vilevile.

Sasa habari ya kupima mistari, maana hapa ndipo wengi huharibu. Mstari usiolingana ni mbaya, kwa kuwa hukusanya maji na kuyamwaga mahali pamoja. Msipime kwa macho. Chukueni miti miwili iliyonyoka, ya futi 6 au 7, mwifunge pamoja juu na kuitanua chini. Kisha fungeni mti wa tatu katikati, hata umbo liwe kama herufi A. Juu kabisa fungeni uzi wenye jiwe, ufike chini ya mti wa katikati. Simamisheni chombo juu ya vigingi viwili, tieni alama mahali uzi unapogusa. Kigeuzeni, mguu wa kulia ukae penye wa kushoto, mtie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa wa kweli. Toka hapo, uzi ukikaa katikati, miguu yote miwili i katika kimo kimoja. Tembea nacho ukikata kilima, mguu baada ya mguu, na kila hatua chomeka kigingi. Mtoto wa darasa la nne aweza kuijifunza kazi hii asubuhi moja, na waalimu mngefanya vema kuwafundisha vijana wa kipaimara.

Mstari wa pili uwe wapi? Simama penye mstari wa kwanza, kisha shuka polepole huku ukiutazama mpaka macho yako yawe sawasawa na vigingi vyake. Miguu yako iliposimama, hapo ndipo pa mstari wa pili. Penye mteremko mkali utakuta ni hatua chache, na penye mteremko mdogo ni nyingi, kama ipasavyo.

Juu ya mistari hiyo waweza kupanda majani tu. Mwenye nguvu na udongo wa kina aweza kufanya zaidi, kwa njia iitwayo fanya juu, ambayo ilienea sana kwa Wakamba wa Machakos huko Kenya. Chimba mfereji wa upana wa futi 2 na kina cha futi 2, na udongo wake uutupe upande wa juu wa kilima. Acha nafasi ya shubiri moja kati ya ukingo wa mfereji na udongo uliotupwa, usije ukarudi ndani. Juu ya tuta hilo panda majani mara moja, kabla mvua haijaja. Tuta lisilo na majani ni kaburi la kazi yako. Kila msimu udongo utashuka kidogo na kulala nyuma ya tuta, na baada ya miaka kadhaa shamba litakuwa kama ngazi. Wengine hutaka ngazi siku ile ile. Nao waweza, lakini wakumbuke kuutenga kwanza udongo mweusi wa juu na kuurudisha baadaye, wasije wakapanda mahindi katika udongo mwekundu wa chini usio na chakula.

Mahali palipo na mawe karibu, au mteremko mkali mno, msichimbe kabisa. Pandeni miti, au majani, mwache.

Juu ya mabua na majani makavu nitasema neno moja tu: msiyachome. Yalazeni katikati ya mistari, yaipokee mvua kabla haijaifikia ardhi.

Paa la kanisa pia ni shamba la maji. Kanisa la meta 20 kwa meta 10 hupokea lita 4,000 katika mvua ya milimeta 20. Katika sharika nyingi maji hayo huanguka ukutani na kuchimba msingi, halafu twakusanya sadaka ya kutengeneza msingi. Mfereji wa bati na tangi vingekuwa rahisi kuliko hivyo.

Tena kuna mambo ya bondeni. Wenzetu wengi hupata fedha kwa kabichi, nyanya na viazi, wakilima hata kwenye ukingo wa mto kabisa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudhuru mto au chanzo cha maji ndani ya meta 60. Najua ni neno gumu kwa mwenye kipande kidogo bondeni, na sitaki kulisema kwa wepesi. Lakini palipo na chemchemi pasilimwe, wala mikaratusi isipandwe, maana mti huo hunywa sana. Pandeni miti ya asili ya mahali penu. Wazee waijua ni ipi iliyokuwako tangu zamani penye maji.

Nimeliacha mwisho jambo lililo gumu kuliko yote. Mistari ya mtu mmoja katikati ya kilima haitoshi. Wa juu yake asipozuia maji yake, yatamshukia yeye kwa wingi na kuvunja tuta. Naye akiyageuza pembeni ili aokoe shamba lake, huyapeleka kwa jirani, na mara nyingi jirani huyo ni mjane asiye na mtu wa kumchimbia. Nimeamua mashauri ya namna hii pamoja na wazee wa usharika, na nimeona kwamba magomvi mengi yasemwayo kuwa ya mpaka kwa kweli ni magomvi ya maji.

Kwa hiyo kazi ianze kilimani juu, ishuke. Na kabla ya jembe kuanza, watu wote walimao mteremko mmoja wakae pamoja, wa juu na wa chini, wenye mashamba na walioazima. Wapare jirani zetu watupe mfano. Katika ndiva zao, yaani mabwawa ya kukusanyia maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mchana, kila mtu ana zamu yake, na bwawa likihitaji kusafishwa huitwa msaragambo, kazi ya wote.

Katika kikao hicho yaulizwe mambo matatu. Maji yakizidi, yatapita wapi mpaka mtoni? Lazima njia iwepo, pana, yenye nyasi, isiyolimwa. Na aliyeitoa sehemu ya shamba lake kwa njia hiyo afidiwe na wenzake kwa kazi au kwa mazao. La pili, ni nani atakayechimba kwa ajili ya wajane na wagonjwa, na siku gani? La tatu, aliyeazima shamba ataachiwa misimu mingapi, ili jasho lake lisiende bure? Yaandikwe katika daftari, watu watie sahihi mbele ya wazee na mwenyekiti wa kitongoji, na nakala ikae kwa mwalimu. Vigingi vipigwe mwezi wa Agosti, ardhi ikiwa kavu na watu wana nafasi. Majani yapandwe kwa mvua za vuli, yapate kushika mizizi kabla ya masika.