Jeraha la mguu wa punda: angalia lilipo kabla ya ukubwa wake

Hapa Miyuji wapo wengi ambao hela yao ya siku inavutwa na punda: maji, mchanga, kuni, magunia ya alizeti. Mguu wa punda ukiharibika, biashara imesimama. Leo tuongelee majeraha ya miguu.

Nianze na kosa langu. Mwaka juzi niliitwa na kijana mwenye punda wawili walionasa kwenye seng'enge. Mmoja alichunika chini ya goti, eneo la ukubwa wa kiganja, damu imetapakaa. Wa pili alikuwa na kitundu tu, kama cha msumari, kwenye kiungo cha juu ya kwato. Nami, mtaalamu mzima, nikahangaika na yule wa damu karibu saa nzima. Mwenzake nikampulizia dawa, nikaondoka. Yule wa damu alirudi kazini. Wa kitundu alivimba kiungo, akawa anakanyaga kwa ncha ya kwato, na mkokoteni hakuuvuta tena.

Ndani ya kiungo kuna ute unaolainisha. Kitundu kikifika humo, vijidudu vinazaliana na dawa ya kupuliza juu haiwafikii. Kwa hiyo jeraha likiwa karibu na kiungo, hata dogo, au likitoa majimaji ya njano yanayovutika, au punda akichechemea kuliko ukubwa wa jeraha lenyewe, mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Punda anaficha maumivu sana, kwa hiyo akichechemea ujue hali si ndogo. Damu ikiruka kwa mapigo, kandamiza kwa kitambaa safi huku ukisubiri.

Mchubuko wa kawaida tibu mwenyewe. Mwenzako amshike kichwa, wewe kaa ubavuni, usikae nyuma. Punguza manyoya pembeni ya jeraha. Chemsha maji, yaache yapoe, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, kisha rushia kwa bomba la sindano (sindano yenyewe itoe) mpaka mchanga wote utoke. Maji ya kisima cha chumvi hayahesabiki, hata yawe makali vipi mdomoni. Malizia na ayodini uliyoizimua mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi. Ukifunga, tanguliza pamba nene juu ya kitambaa safi, usikaze, na badilisha kila siku. Mkokoteni upumzike.

Mguu uliovimba bila kidonda, mwagie maji ya baridi dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku. Isipopungua kwa siku mbili, muite daktari.

Oili chafu, maji ya betri, majivu na kinyesi, hapana! Vinaunguza au vinachafua nyama, na chini ya goti jeraha likichokozwa huotesha nyama inayozidi ngozi, halifungi.

Halafu kuna pepopunda, jina lenyewe linakwambia. Vijidudu vyake viko kwenye udongo na mavi, na tundu dogo lililoingia ndani ndilo vinalolipenda. Kila punda akijeruhiwa muulize daktari habari ya sindano ya kinga. Ukishaona masikio yamekakamaa na taya hazifunguki, mara nyingi umechelewa.