Sheria za Kalasi: Mtoto Azijue, Azipende, Azifuate



Wengi kati yetu wa segio ya pedagojia watasimama hivi karibuni mbele ya watoto wa shule ya msingi juu ya kufanya staji. Fishi ya somo itakuwa tayari: tarehe, kichwa, kusudi, mifano. Lakini kuna kitu kimoja ambacho fishi haikisemi: sheria za kalasi. Mahali sheria haiko, makelele yanakula somo, na mkono wa mwalimu unaanza kutafuta fimbo. Basi tujifunze jambo hili pamoja.

1. Sheria ni ya nini?

Sheria ni juu ya kila mtoto apate kusikia, kusema, na kukaa bila woga. Tangu Septemba 2019, wakati serikali ilipoanza kutimiza masomo ya bure katika shule za msingi za umma, watoto wengi sana waliingia, na kalasi nyingi zilijaa. Mwalimu mmoja hawezi kufika karibu na kila banki. Pale asipofika, sheria inafika. Ni kama njia kati ya mashamba: isipokuwapo, kila mtu anakanyaga maharagwe ya mwenzake.

2. Sheria mbaya inajulikana namna gani?

a) Ni nyingi mno. Mtoto wa miaka sita hawezi kushika sheria kumi na tano. Nne ao tano zinatosha.

b) Inakataza tu. «Usipige makelele, usitembee, usichelewe!» Mtoto anajua asichopashwa kufanya, lakini hajui afanye nini. Afazali tuseme: «Mmoja anasema, wengine tunasikiliza.» «Kengele ikilia, tunapanga mstari.»

c) Haionekani. «Kuwa mwema» ni neno zuri, lakini mtoto ataonyesha wema namna gani? Tuseme: «Mwenzako akikosea, usimcheke, umsaidie.» Hii anaweza kuitenda leo leo.

d) Ni ya lugha asiyoisikia. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inataka watoto wadogo waanze kufundishwa katika lugha ya taifa ao ya mahali pao. Basi na sheria za kalasi vilevile. Mtoto wa mwaka wa kwanza akisikia «Silence!», anaogopa sauti tu, neno lenyewe halijui. Kifaransa kitakuja kidogo kidogo.

3. Kutunga sheria pamoja na watoto

Siku ya kwanza, tuwaulize: «Ni nini inatuzuia kusoma vizuri?» Watajibu wenyewe: kusukumana, kuibiana kalamu, kuchekana. Tuandike kwenye tablo, kisha wachague kwa kuinua mikono. Sheria mtoto aliyoichagua, anaiona kuwa yake.

Kwa wale wasiojua kusoma, tuchore: sikio, mkono ulioinuliwa, ufagio. Tena tuicheze. Mstari mmoja uingie vibaya, wote wacheke. Kisha uingie vizuri, wote wapige mikono. Turudilie kila asubuhi mpaka izoeleke.

Tuwape na kazi: mwenye kufuta tablo, mwenye kugawa vitabu, mwenye kulinda maji. Kila juma tubadilishe, wasichana na wavulana, wakubwa na wadogo.

Mwalimu mmoja wa Ufaransa, Célestin Freinet (1896-1966), aliyeanza kufundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup mwaka 1920, alikuwa na desturi nzuri. Watoto waliandika kwenye karatasi ya ukutani yale waliyolaumu, waliyosifu na waliyotaka, kisha wakazungumza pamoja katika mkutano wao. Kwetu, hata kama karatasi inakosa, dakika kumi za mwisho wa juma zinatosha. Kila mstari utoe msemaji mmoja.

4. Mtoto akivunja sheria

Wazee wanasema: Samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini kukunja si kuvunja. Fimbo inamfundisha mtoto kuangalia mwalimu, haimfundishi kuangalia sheria. Mwalimu akitoka, sheria nayo inatoka. Heri mtoto atengeneze alichoharibu: aliyemwaga maji apanguse, aliyepasua buku asaidie kuliunganisha, aliyemcheka mwenzake amwombe radhi.

Mbele ya kuazibu, tuulize. Huyu amechelewa juu alitumwa kuteka maji mbali. Yule shati lake ni chafu kwa sababu nyumbani sabuni imeisha. Kumwazibu mtoto kwa kitu ambacho hana nguvu nacho ni kumfukuza shuleni pole pole. Wengine hawarudi tena.

Mwisho, sheria inatufunga na sisi. Kama tulisema «Mmoja anasema, wengine tunasikiliza», basi mtoto akisema, tusikilize. Kengele ikilia, atukute mlangoni. Watoto wanasoma mwalimu mbele ya kusoma kitabu.

Maswali ya kujibu katika vikundi

1. Geuza sheria hizi zionyeshe kitendo cha kufanya: «Usichafue kalasi», «Usipiganie kalamu».

2. Mtoto mmoja analala kalasini kila siku saa tano. Utamwuliza nini mbele ya kumwazibu?

3. Chagua sheria nne kwa kalasi ya mwaka wa kwanza, na picha moja kwa kila sheria.