Mada Ndogo: Kutumia Vipimo vya Seli Nyekundu Kutambua Aina ya Upungufu wa Damu

Watahiniwa wengi wakiulizwa chanzo cha upungufu wa damu huandika "ukosefu wa madini ya chuma" kisha wanaendelea na swali linalofuata. Jibu hilo ni nusu tu. Upungufu wa damu una aina kadhaa, na kila aina ina tiba yake. Katika mada hii utajifunza kuzitofautisha kwa kutumia tarakimu.

A. Vipimo vitatu vya msingi

1. Himoglobini: hupimwa kwa gramu katika desilita moja ya damu. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12, au mwanamume akiwa chini ya 13, ana upungufu wa damu.
2. Idadi ya seli nyekundu: huandikwa kwa mamilioni katika maikrolita moja.
3. Hematokriti: asilimia ya ujazo wa damu inayochukuliwa na seli nyekundu.

Himoglobini hukuambia *kama* tatizo lipo. Haikuambii ni la aina gani. Kwa hilo, tafuta ukubwa wa seli.

B. Wastani wa ujazo wa seli

Kwenye karatasi ya maabara huandikwa MCV. Kanuni yake ni hii:

MCV = (hematokriti × 10) ÷ idadi ya seli nyekundu

Jibu huwa katika femtolita. Kwa mtu mzima, kawaida ni 80 hadi 100.

C. Mfano

Wagonjwa watatu wote wana himoglobini ya gramu 9.

- Mgonjwa P: hematokriti 28, seli milioni 4.0. MCV = 280 ÷ 4.0 = 70
- Mgonjwa Q: hematokriti 27, seli milioni 3.0. MCV = 270 ÷ 3.0 = 90
- Mgonjwa R: hematokriti 27, seli milioni 2.25. MCV = 270 ÷ 2.25 = 120

Himoglobini ni ileile, lakini matatizo ni tofauti.

D. Tafsiri

*Seli ndogo (chini ya 80), kama za P.* Chuma kikikosekana, himoglobini haitengenezwi ya kutosha, hivyo seli hutoka ndogo na zilizopauka. Vyanzo ni lishe duni, hedhi nzito na minyoo ya safura. Talasemia, ugonjwa wa kurithi, nayo huleta seli ndogo. Kwa hiyo kiwango cha chuma hupimwa kabla ya kuamua.

*Seli za ukubwa wa kawaida (80–100), kama za Q.* Seli zimetengenezwa vizuri, ila zimepotea au zimeharibiwa. Mifano ni kutoka damu nyingi kwa ghafla na malaria. Selimundu pia mara nyingi huangukia hapa, kwa sababu kasoro yake inaonekana kwenye umbo.

*Seli kubwa (zaidi ya 100), kama za R.* Foleti au vitamini B12 ikipungua, utengenezaji wa DNA huchelewa. Seli hukua bila kugawanyika kwa wakati. Angalia hatari hii: mwenye upungufu wa B12 akipewa asidi ya foliki peke yake, damu yake inaweza kuongezeka huku neva zake zikiendelea kuharibika.

E. Tahadhari

MCV ni wastani. Mtu aliyekosa chuma na foleti kwa pamoja ana seli ndogo na kubwa, na wastani unaweza kuonekana wa kawaida. Ndiyo maana damu hutazamwa pia kwa darubini.

F. Jipime

Mkulima mwanamume anayelima bila viatu ana himoglobini ya gramu 8, hematokriti 26 na seli milioni 4.0.

(a) Kokotoa MCV.
(b) Taja kundi la upungufu wake.
(c) Eleza kwa nini vidonge vya chuma peke yake havitoshi, iwapo choo chake kimeonesha mayai ya minyoo ya safura.

Majibu

(a) 260 ÷ 4.0 = femtolita 65.
(b) Upungufu wa damu wenye seli ndogo.
(c) Minyoo itaendelea kunyonya damu, na chuma kitaendelea kupotea. Apewe dawa ya minyoo, avae viatu na atumie choo.

Kumbuka: katika mtihani, andika kanuni, weka tarakimu, toa jibu na kipimo chake, kisha tafsiri. Ukiishia kwenye tarakimu, utakuwa umekokotoa tu bila kusema mgonjwa anaumwa nini.